Video ya Mjomba Akipiga Pasi

Rafiki yetu mmoja, fundi wa kompyuta, aliitwa na shangazi yake mjane. Video ya marehemu mumewe akipiga pasi huku akiimba ilikuwa inakwamakwama, na sauti yake haikuwa imebaki kwingine kokote.

Wakafunga mapazia ili waone vizuri, chumba kikawa giza. Fundi akazima programu zilizoilemea mashine, akainakili video upya. Wapi. Wimbo ulikwenda, ukakatika, ukaendelea.

"Ilianza lini, shangazi?"

"Tangu wanangu waondoke, nikabaki peke yangu."

Alipoanza kujibu, picha iliganda. Aliponyamaza, wimbo ukaendelea. Fundi akakohoa kwa makusudi, lakini wimbo haukukatika.

"Hebu sema tena, shangazi."

"Niseme nini, mwanangu?"

Pasi ikasimama hewani. Fundi akaongeza sauti mpaka mwisho, akasogeza sikio kwenye spika. Akasikia mtu akihema taratibu. Mjomba kwenye picha alikuwa ameganda, midomo ameifumba, lakini ndani ya spika sauti yake ikasema kwa upole, "Endelea, mke wangu. Nakusikiliza."