Taa Nyeupe za Papa Kambere

Kila alasiri Micheline akitoka shuleni, kazi zake zilikuwa zilezile. Alikunja yunifomu yake, akafagia vumbi jeusi lililopenya chini ya mlango, akachota maji kwenye bidoni la njano, kisha akawasha makala na kuteleka sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nyumba yao ya mbao pale Ndosho, mjini Goma, ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikaa kimya tangu mama yake aende Butembo kumuuguza nyanya. Kazi zikiisha, Micheline alikaa kwenye jiwe la mlangoni akisikiliza nyumba za wengine. Alijua ni nani anakohoa na ni mtoto gani anakataa kuoga. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumwambia neno.

Baba yake, Papa Kambere, alikuwa shofa wa teksi. Alitoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia, amechoka hata kijiko kinamlemea. Aliyemsemesha Micheline jioni alikuwa mtu mmoja tu, Mama Namegabe, mjane wa upande wa Bukavu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Akirudi kutoka sokoni alilitua beseni lake mlangoni, akanyoosha miguu, akauliza wamejifunza nini leo. Samaki waliobaki alimgawia Micheline kiganja kimoja, kisha akajitwisha beseni na kuendelea na safari ya kwake.

Gari la Papa Kambere lilikuwa kuukuu, limetokea Uganda, usukani wake upo kulia kama magari mengi ya Goma. Vioo vya taa zake za mbele vilikuwa vimegeuka manjano kama kucha za mzee, na mwanga wake ulikuwa hafifu. Shuleni, Guylain alimcheka Micheline mbele ya wenzake. "Papa yako hana taa," alisema. "Anatembeza mishumaa miwili ya misa." Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo Micheline alimsumbua baba yake kuhusu taa mpya, na kwa kuwa mvua za jioni zilikuwa zimeanza, Papa Kambere naye akaona ni jambo jema. Akanunua ampuli nyeupe za LED, zile zinazowaka kama umeme wa radi.

Siku ya Ijumaa baada ya masomo walikwenda pamoja kwa fundi Bashige. Kazi ilipokuwa inaendelea, Papa Kambere alivuka barabara kuzungumza na mteja wake. Fundi alimaliza, mara akaitwa kwenda Mugunga kutengeneza lori lililoharibika njiani. Akiwa amekwisha kupanda nyuma ya pikipiki, alimwita Micheline.

"Mutoto, mwambie papa yako hivi. Hii gari ilitengenezwa kwa nchi ambako watu wanaendesha upande wa kushoto. Taa zake zinatupa mwanga kushoto, na kwetu tunaendesha kulia, kwa hiyo kushoto ndiko wanakotokea watu wa kukutana naye. Ampuli za zamani zilikuwa dhaifu, hazikumsumbua mutu. Hizi zitawapiga machoni. Kesho asubuhi ailete, niziinamishe na kuzipima kwenye ukuta. Kabla ya hapo asitembee nayo giza."

Micheline aliitika. Lakini pikipiki ilipoondoka, ndipo alipokumbuka. Kesho asubuhi ndiyo asubuhi ambayo baba yake alimwahidi. Wangekwenda wote wawili kununua makala na viazi kwenye barabara ya Sake, yeye amekaa kiti cha mbele. Katika juma zima, hayo ndiyo masaa pekee ambayo baba yake angekuwa wake. Gari likirudi kwa fundi, masaa hayo yangeishia kwenye benchi la garaji.

Papa Kambere aliporudi akauliza, "Fundi amesema nini?"

"Amesema kazi imekwisha," Micheline akajibu, akiangalia viatu vyake.

Jumamosi ilikuwa nzuri. Walikula parachichi kwa chumvi, na baba yake akamsimulia utoto wake wa Butembo, jinsi alivyoogopa mbuzi dume wa jirani mpaka akawa anapitia dirishani. Micheline alicheka kama hajapata kucheka tangu mama aondoke. Kila mara alijiambia kwamba atautoa ule ujumbe wakifika nyumbani. Walipofika, simu ikalia, abiria anasubiri, na baba yake akageuza gari akaenda zake. Maneno ya fundi yakabaki mdomoni mwake.

Jioni alikaa tena kwenye jiwe lake. Mama Namegabe siku hiyo alikuwa amepitia kwa wateja wa upande wa juu wa mtaa, sasa anashuka polepole, beseni kichwani. Hapo gari la baba yake likaingia uchochoroni kutoka barabara kubwa, linapanda. Weupe ukafunika kuta zote. Micheline alimwona Mama Namegabe akiinua mkono kuyakinga macho, akienda kombo, mguu ukikosa njia. Alianguka juu ya mawe makali ya volkano. Beseni lililia kama kengele, na sambaza wakatawanyika vumbini.

Papa Kambere alifunga breki, akamkimbilia, akamlaza kwenye kiti cha nyuma na kumpeleka kwenye kituo cha afya. Mguu haukuvunjika, ila ulivimba na kufungwa bandeji. Majirani walipouliza, Papa Kambere alisema kile alichokiona: mama alikuwa anakuja vizuri, halafu ghafla akatoka njiani. Mama Dative, jirani waliyepakana naye, alitikisa kichwa akasema ni uzee, macho yamechoka, biashara ya barabarani haimfai tena. Micheline alisikia yote. Usiku huo hakugusa chakula.

Jumapili baada ya misa alimpelekea Mama Namegabe uji. Alimkuta ameketi kitandani, anafunga nguo zake kwenye kitenge. Mama akamwelezea kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake, Akonkwa, atakuja kumchukua kwa meli ampeleke Bukavu. Jioni ile, alisema, hakuona mutu wala njia, aliona weupe mtupu. Asiyeona gari atabebaje beseni kati ya magari? Huko Bukavu atakaa tu mlangoni kwa ndugu yake, asubiri kuletewa sahani.

"Na hili beseni uchukue wewe," akasema. "Utanikumbuka."

Micheline hakulipokea. Machozi yalimtoka.

"Mama, macho yako ni mazima. Ni taa. Fundi alinituma nimwambie papa, nami nikanyamaza."

Mama Namegabe aliliweka beseni chini. "Unasema kweli, ao unanituliza tu?"

"Ninasema kweli. Papa angekwenda garaji asubuhi, na mimi nilitaka kutembea naye."

Mama hakumgombeza. Alimtuma amwite baba yake, kisha akamtaka Micheline ayarudie maneno yaleyale mbele ya baba, neno kwa neno. Papa Kambere alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Jioni ilipoingia, alisimamisha gari mahali palepale, akapanda mpaka alipoangukia mama, akamwambia Micheline awashe taa. Alirudi akifikicha macho. Mtaa wote ulikuwa umempotea.

"Na mimi nimewaambia watu kwamba alitoka njiani," alisema. Jioni hiyohiyo alipita nyumba kwa nyumba, akianza na kwa Mama Dative, kuwaeleza kwamba kosa lilikuwa la gari lake.

Jumatatu fundi Bashige aliwaonyesha kwenye ukuta wa garaji jinsi mwanga ulivyopanda upande wa kushoto. Akasema kuinamisha kutapunguza, lakini vioo vile haviziwezi ampuli hizo. Akarudisha za zamani, akaziinamisha pia, kisha akavisugua vile vioo vya manjano kwa msasa laini na dawa ya meno mpaka vikatakata. Mwanga uliotoka ulimtosha Papa Kambere, tena ulikaa chini barabarani.

Mama Namegabe alimwambia Akonkwa asije. Mguu ulipokuwa unapona, Papa Kambere alimpeleka sokoni kila asubuhi kabla ya kuwatafuta abiria, na Micheline baada ya shule alimbebea beseni. Jioni moja, wote watatu wakiwa mlangoni, Mama Namegabe alimshika Micheline mkono.

"Kutaka kuwa na papa yako si kosa," alisema. "Kuwa peke yako ni kuzito, mimi ninaijua hali hiyo. Kosa ni kuuficha ukweli ambao mwingine anauhitaji ili awe salama. Umeona: mimi nilianza kuamini uongo juu ya macho yangu mwenyewe. Ukitumwa neno, lifikishe. Na ukiwa na huzuni, iseme kwa mudomo."

Kufikia hapo Papa Kambere alikuwa amekwisha kuingia garini, abiria wa jioni anamngoja. Micheline alisogea dirishani.

"Papa," akasema, "ukiondoka, nyumba inakuwa kimya sana. Ninaogopa."

Papa Kambere alimtazama. Akachukua simu, akamwambia abiria atafute teksi nyingine leo. Kisha akazima gari, akashuka, na kukaa kando yake kwenye jiwe.

"Sikujua," alisema. "Niambie yote."