Mzigo wa Lango la Kitoka

Enzi hizo Kitoka ilikuwa na ukuta na mfalme, na jeshi la Chundo lilikuwa limeuzingira mji kwa siku ya ishirini na tatu sasa. Mtama ulijaa ghalani. Kilichokwisha ni kuni. Watu walikwisha choma vinu na milango, na nasikia mke wa kadhi alipikia uji mitalawanda yake, vile viatu vya mti.

Asubuhi hiyo wakatokea wachukuzi sita, mizigo ya kuni vichwani, na tajiri wao Mwinyipembe aliyejitanda shuka ya buluu. Akapaza sauti kwamba wao ni raia wa Kitoka, watu wa mashamba ya Bungala, wamepenya kinamasi kwa siri, wafunguliwe upesi. Shekuwe, mlinzi wa lango, akashika komeo. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, na hakuwa amekandwa kwa maji ya moto hata mara moja.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema Mwanesha, dalali wa soko la kuni. "Kuuliza si ujinga."

Akachungulia tunduni, akauliza bei. Mwinyipembe akatoa kamba yenye mafundo, akauzungushia mzigo mmoja. Mwanesha akamnong'oneza Shekuwe kwamba kuni hupimwa kwa kamba huko Chundo. Kusini hupangwa chini zikafika gotini. Lakini Bungala mnunuzi hujitwika mzigo mwenyewe, shingo ikiridhika wamekubaliana.

"Vita vimebadili mengi, mama. Huenda kamba kajifunzia njiani."

"Huenda. Nifungulie mlango mdogo nikaiulize shingo yangu."

Akatoka peke yake. Mwinyipembe akamsihi asijiumize, wangemwingizia wao.

"Baba, nimebeba kuni kabla hujajua kutambaa. Nitwike."

Wakamtwika, shingo upande. Kuni kavu hutulia kichwani. Hizi zililemea upande mmoja, na alipovuta pumzi akasikia chuma kikigusana na chuma. Akatabasamu, akasema mzigo ni mzuri, anakwenda kuwaonyesha wenzake, watagombea yote iliyobaki. Kisha akaanza kurudi kwa mwendo wa mtu atokaye kisimani.

"Mama," Mwinyipembe akaita kwa upole, "rudi tuelewane bei."

Hakugeuka. Alipoinama kwenye mlango mdogo, mkuki ukajikita katika mzigo, shibiri moja juu ya utosi wake. Shekuwe akamvuta ndani, komeo likashuka.

Mzigoni mlikuwa na panga tisa za makali kuwili, zimezungushiwa nyasi. Kuni zenyewe zilichemsha maji ya mzazi. Siku ya nne baada ya hapo watu wa Kitoka walitoka na panga zile, na Chundo wakaiacha kambi na vyungu motoni.

Tarehe ya mji, kitabu cha habari zake, ikaandika kwamba mfalme aliung'amua ujanja wa adui kwa busara zake. Waliposomewa hayo, wanawake wa soko la kuni walicheka wakashika mbavu. Asubuhi ile mfalme alikuwa amelala, tena juu ya kitanda pekee kilichobaki mjini.