Sumu Kwenye Mafuta ya Bab Berred

"Mwewe, maji yameingia kwenye mafuta."

Mimunt Uqaddur, Mwewe kwa jina la kazi, alikuwa ameshawasha gari kabla sentensi haijaisha.

"Chupa ngapi?"

"Mia mbili na arobaini," sauti ya Mizani, mkuu wake, ilikwaruza kwenye simu ya setilaiti. "Mercedes nyeupe. Imetoka Bab Berred nusu saa iliyopita. Isifike Chefchaouen."

"Ni nani?"

"Terhal."

Mimunt alikanyaga mafuta. Dacia Duster iliruka barabarani.

Joost Terhal, Mholanzi, alikuwa amevusha hashishi ya milima ya Rif, kaskazini mwa Morocco, kwenda Ulaya kwa miaka ishirini. Kisha serikali ikaruhusu bangi ilimwe kwa ajili ya dawa. Wakulima wakampa kisogo, wakauzia ushirika wao. Ushirika ukakamua mafuta yasiyolevya, yanayowasaidia watoto ambao kifafa chao hakisikii vidonge pekee. Boti za Terhal zikabaki tupu.

Sasa alikuwa amejaza kemikali ya maabara kwenye chupa zenye lebo ya ushirika. Wakifa watoto kumi tu, nani atagusa tena mafuta hayo? Wakulima wangemrudia wakitambaa.

Kona ya sita, akaiona Mercedes. Nyuma yake, BMW X5 ya kijivu.

Kioo cha nyuma cha BMW kilishuka. Mtutu ukachungulia.

Risasi ya kwanza ilivunja taa. Ya pili ilipita sikioni mwa Mimunt ikivuma kama nyigu. Hakupunguza mwendo. Alitoa bastola yake, Glock 17, dirishani kwa mkono wa kushoto, akasubiri kona ikunje, akapiga mara mbili.

Tairi la nyuma lilipasuka.

BMW ilizunguka mara moja, ikaacha lami, ikakumbatia mwerezi. Hakuna aliyetoka.

Dakika mbili baadaye Duster ililala mbele ya Mercedes, ikaziba njia nzima. Dereva alishuka mikono juu. Mwembamba, kofia ya sufu, ndevu za siku tatu.

"Dada, usipige! Wallahi mimi dereva tu!"

"Jina?"

"Shaib. Shaib Amezian wa Ain Zrahen."

"Fungua nyuma."

Mimunt alichomoa chupa moja, akadondosha tone kwenye kipimo kidogo kama kibiriti. Taa nyekundu iliwaka papo hapo.

"Unajua umebeba nini, Shaib?"

"Hashishi. Waliniambia imefichwa chini ya chupa. Niliwabadilishia makasha kwenye ghala la ushirika, basi. Dada, nani huku hajawahi kubeba hashishi? Hata baba yako kabeba!"

"Hakuna hashishi humu. Sumu iko ndani ya chupa zenyewe. Matone matano yanasimamisha moyo wa mtoto."

Shaib alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alikaa chini barabarani.

"Nimeacha moja nyumbani."

"Umesema nini?"

"Binti yangu, Tiziri. Ana miaka saba, ana kifafa. Mafuta yake yaliisha siku nne zilizopita, na tangu hapo anaanguka. Leo asubuhi nilipita nyumbani, nikachomoa chupa moja kwenye kasha, nikampa mama yake, Rhimu." Alikuwa akijipiga kifuani kwa ngumi. "Humpa adhuhuri. Akisikia adhana tu."

Mimunt alitazama saa yake, Casio iliyokwaruzika kioo. Saa saba na dakika sita. Adhana ilikuwa saa saba na nusu.

"Mpigie!"

"Mtandao umekatika tangu theluji ianguke."

Mimunt alibonyeza simu ya setilaiti. "Mizani, kuna chupa moja Ain Zrahen, mtoto anainywa leo. Nataka helikopta."

"Ukungu, Mwewe. Hairuki. Askari wa jandarma walio karibu watachukua dakika hamsini."

"Watume kwenye Mercedes, wajifiche. Mimi nakwenda."

Alifunga gari la sumu, akatia ufunguo mfukoni, akamsukuma Shaib kwenye Duster.

Njia ya Ain Zrahen haikuwa njia. Ilikuwa mawe na matope. Duster ilipiga tumbo, ikalia, ikapanda. Shaib alikuwa akisali, akitukana, akisali tena.

"Kata kushoto! Kushoto, mama yangu we! Sasa daraja."

Hapakuwa na daraja. Mto ulikuwa umelibeba tangu Shaib alipovuka asubuhi.

Saa saba na dakika ishirini na tatu.

"Shuka," Mimunt alisema.

Walivuka maji yaliyofika kiunoni, baridi kama kisu. Ng'ambo, mlima ulisimama wima, ngazi kwa ngazi za mashamba ya bangi changa, na juu kabisa, nyumba nyeupe ndogo kama meno. Nusu saa kwa miguu ya mbuzi. Walibakiwa na dakika tano.

Shaib alianza kukimbia, akaanguka, akainuka, akaanguka.

"Sifiki! Dada, sifiki!"

Bastola haikuwa na kazi hapo. Simu haikuwa na kazi. Mimunt aliinua macho. Kwenye shamba la kwanza mwanamke mwenye kofia pana ya majani alikuwa akipalilia. Juu yake, mwingine. Juu zaidi, wengine watatu.

Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye milima hii. Aliweka viganja mdomoni, akavuta pumzi hadi tumboni, akaita kama mama yake alivyokuwa akiita kutoka ng'ambo ya bonde.

"Eeee, mama wa shambani! Mwambie Rhimu wa Shaib asimpe mtoto dawa! Dawa ina sumu!"

Mwanamke alinyanyuka. Hakuuliza wewe nani. Aligeukia juu, akaita. Wa pili akapokea. Wa tatu akapokea. Sauti ilipanda mlima shamba kwa shamba, nyembamba, kali, ikizidi kuwa ndogo.

Kisha adhana ikaanza.

Ilifunika kila kitu.

Walipanda bila kusimama. Shaib alikuwa akilia kwa sauti, kamasi zikimtiririka, wala hakuzifuta.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Harufu ya zaatari, majani ya chai ya mlimani, ilijaa chumbani. Rhimu, mke wa Shaib, alikuwa amepiga magoti, kijiko kimeanguka kando yake, mafuta yamemwagika kwenye mkeka. Mbele yake msichana alikuwa akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka meupe.

"Amekunywa?" Shaib alipiga yowe. "Rhimu, amekunywa?"

"Sijampa! Nilisikia wanaita, nikatupa kijiko! Lakini kimeanza sasa hivi! Siku nne hana mafuta, Shaib, siku nne!"

Mimunt alimvuta Shaib, aliyekuwa akitaka kumtia mtoto kidole mdomoni.

"Usimtie kitu! Mlaze ubavu. Weka shuka chini ya kichwa."

Akatazama saa. Dakika moja. Mbili. Midomo ya Tiziri ilianza kuwa ya buluu. Tatu. Mimunt alikuwa amewahi kusubiri bomu lilipuke. Kusubiri kule hakukuwa kurefu hivi.

Dakika ya nne, mwili ulilegea. Msichana akavuta pumzi ndefu, yenye mate, akaanza kukoroma.

Rhimu aliweka paji la uso kwenye mguu wa mwanawe.

"Vidonge vya daktari mpatie kama kawaida," Mimunt alisema. "Usiache."

"Siachi. Vidonge, mafuta, chai ya zaatari, usingizi. Kimoja kikikosekana anaanguka." Kisha akamgeukia mumewe. "Chupa hii ulisema ya ushirika."

Shaib aliiokota chupa, akaifunga kizibo.

Mimunt alimpa simu ya setilaiti. "Mpigie bosi wako, Terhal."

Shaib alijifuta uso. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa imekauka.

"Watu wako wamegonga mti. Mzigo ninao mimi, mbele kidogo ya hapo. Njoo mwenyewe, la sivyo nawaita jandarma waje kuonja."

Terhal alikuja saa kumi, peke yake, kwenye Range Rover nyeusi, koti safi la pamba begani. Alikuta Mercedes kando ya barabara, na Shaib amekaa kwenye bampa.

"Umekuwa mwanaume leo?" Terhal alicheka. "Leta ufunguo."

"Ninao mimi," Mimunt alisema nyuma yake.

Mkono wa Terhal ulikwenda kiunoni. Glock ilimgusa shingo kwanza. Jandarma kumi walitoka mierezini.

"Wangekufa hata hivyo," Terhal alisema akifungwa pingu. "Watoto wagonjwa."

Shaib alimrukia. Iliwabidi watu watatu kumtoa. Baadaye alinyoosha mikono yake mwenyewe ifungwe pingu.

"Na mimi, dada."

"Na wewe," Mimunt alisema. "Lakini nitasema ulivyopanda ule mlima."

Simu ikakwaruza. "Kazi nzuri, Mwewe. Ripoti usiku huu."

"Kesho alfajiri chupa halisi ifike Ain Zrahen. Kwa miguu ikibidi."

"Hiyo si kazi yetu."

"Basi mtafute mwenye kazi hiyo. Ana muda wa saa kumi na mbili."

Akakata. Suruali yake ilikuwa bado ina tope la mto. Alijipangusa mikono, akapita katikati ya jandarma bila kumtazama yeyote, akashika barabara kwa miguu hadi alikoificha Duster.