Jembe la Wakonyo

Kengele ya Makao ya Mlimani ililia kabla ya jua kuchomoza, na kila mtoto wa Nyumba ya Pili akashika kazi yake. Kabura, aliyechechemea mguu mmoja, alikwenda kuwasha moto. Kibiwott, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, alipasua kuni kwa mkono wa kulia huku akijigamba kwamba hakuna mwenye mikono miwili angemshinda. Wengine walifagia na kuteka maji. Wakonyo naye alifunga vyuma vyake vya miguu, akachukua magongo yake, akatoka barazani na kuketi kwenye kiti. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuketi.

Makao hayo yalikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale, kando ya barabara ya kwenda Saboti. Watoto walemavu waliletwa hapo kutoka Bungoma na Trans-Nzoia ili wawe karibu na shule. Zamani walilala wote katika bweni moja refu, wakala chakula cha sufuria moja, na hata nywele walinyolewa siku moja. Kisha mwaka wa 1989, baada ya harambee kubwa, bweni lilifungwa na nyumba ndogo nne zikajengwa. Kila nyumba ilipewa mama mlezi, jiko na kipande cha shamba.

“Hili si bweni tena, ni boma lenu,” msimamizi wa makao, Mwalimu Kagwe, aliwaambia siku hiyo. “Mtapika mnachotaka na kupanga mambo yenu wenyewe.”

Watoto walishangilia mpaka ng’ombe wa jirani wakakurupuka.

Nyumba ya Pili hawakuchelewa kujitungia sheria. Walikubaliana kwamba kila Jumamosi wangechagua chakula cha Jumapili, na kwamba asiyefanya kazi hachagui. Sheria hiyo ilimpendeza kila mtu, maana mvivu ni nani amtetee? Hakuna aliyekumbuka kuwa katika nyumba hiyo alikuwamo mtoto asiyefanya kazi kwa sababu hakupewa.

Polio ilimpata Wakonyo akiwa na umri wa miaka mitatu, huko kwao Saboti, ikamnyang’anya nguvu za miguu yote miwili. Lakini mikono yake! Miaka ya kutembea kwa magongo ilikuwa imeikomaza, na darasani hakuna mvulana aliyethubutu kushindana naye kwa nguvu za mikono.

“Mama, nipe kazi na mimi,” alimwambia Mama Wabwile, mama mlezi wao, karibu kila siku.

“Wewe kaa tu, mwanangu, usome,” Mama Wabwile alimjibu. “Si unaona watu wanapita hapo barabarani? Wakikuona umeinama kazini watasema nini? Ati Mama Wabwile anatesa mtoto mlemavu! Kwetu Bungoma wangenitungia wimbo, bana.”

Mama huyo alikuwa na moyo mwema, tena mwema kupita kiasi. Alimkatia Wakonyo nyama, alimpelekea maji ya kuoga, na angeweza angemmezea hata chakula. Wakonyo alimpenda. Hata hivyo, kila Jumamosi wenzake walipobishana kuhusu chakula, yeye alikaa kimya kama aliyemwagiwa maji. Alitamani mukimo wa nyanya yake, wenye viazi na majani ya malenge, lakini nani angemuuliza?

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, Mama Wabwile na Kabura walikwenda sokoni Kitale. Wengine walikwenda mtoni kufua. Kibiwott, ambaye zamu yake ilikuwa kupalilia maharagwe, alitazama magugu, akatazama uwanja wa mpira, akachagua mpira. Wakonyo akabaki peke yake na lile shamba.

Alijikokota kwa magongo hadi ghalani akachukua jembe lenye mpini mfupi na gunia kuukuu. Akalitandika gunia kati ya mistari ya maharagwe, akavua vyuma, akaketi chini na kuanza kulima. Alipomaliza sehemu aliyoifikia, alilivuta gunia mbele, akajisogeza kwa mikono, akaendelea. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, na magugu yaling’oka na mizizi yake. Jasho lilimtoka, viganja vikamwaka moto, naye akajikuta akiimba. Alipofika mwisho, aligeuka kutazama alikotoka. Shamba lilikuwa safi kuliko lilivyowahi kuwa! Alioga, akabadilisha nguo, akarudi kwenye kiti chake kabla mtu yeyote hajarudi.

Mama Wabwile alipoliona shamba, kikapu nusura kimdondoke.

“Mayi! Nani amepalilia hivi?”

Kibiwott alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka uwanjani. Alilitazama shamba, hakuamini bahati yake.

“Ni mimi, Mama,” alisema.

“Wewe ni mwanamume kweli! Basi leo utachagua chakula peke yako.”

Wenzake walimpigia makofi. Wakonyo aliwaza la kufanya. Akinyamaza, angebaki hivyo hivyo, mtoto wa kuketi barazani. Akisema, huenda Mama angekasirika na kulifungia jembe, asiliguse tena maishani. Alishika magongo, akasimama.

“Si Kibiwott, Mama. Ni mimi.”

Kibiwott alicheka. “Wewe? Na miguu gani?”

“Sikulima kwa miguu,” Wakonyo alimjibu. Kisha akamgeukia Mama Wabwile. “Ulinikataza, na mimi nikaenda kwa siri. Nisamehe kwa hilo. Lakini Mama, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekaa nyumba hii mwaka mzima na jembe sijapewa. Mimi ni mgeni mpaka lini?”

Mama Wabwile aliviona viganja vya Wakonyo, vimevimba malengelenge, akavishika. Kisha akaingia ghalani mwenyewe, akatoka na jembe.

“Nionyeshe,” alisema.

Wakonyo alitandika gunia kwenye ukingo wa nje ya maharagwe uliokuwa bado na majani, akaketi, akalima mbele ya wote. Wakati huohuo mwanamke mmoja alikuwa akipita barabarani na mtungi wa maziwa. Akasimama, akashika kiuno.

“Haki ya Mungu! Mnalimisha hata kiwete? Hamna huruma nyinyi?”

Wakonyo aliacha kulima. Jambo ambalo Mama aliliogopa siku zote lilikuwa limefika. Watoto wote walimtazama Mama Wabwile, naye akakaza kilemba chake.

“Huyu ana jina, anaitwa Wakonyo,” alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng’ambo. “Ni binti yangu, na analima kwao. Wewe nenda na maziwa yako, yasije yakaganda.”

Wakonyo aliinama haraka ili wasione machozi yake, lakini alikuwa na furaha kama ya siku aliyotembea kwa magongo mara ya kwanza.

Kibiwott alijikuna kichwa, akasogea. “Pole, Wakonyo. Nilidanganya. Nilitaka sana tule ugali kwa mursik, yale maziwa ya kwetu ya kugandishwa kibuyuni.”

“Mursik utakula, lakini si kwa jasho langu,” Wakonyo alimwambia, na wote wakaangua kicheko, Kibiwott akiwa wa kwanza.

Mwalimu Kagwe alisikia habari hizo, akaja jioni. Wakonyo alimweleza yote, pamoja na kosa lake la kufanya kwa siri.

“Umefanya vizuri kusema ukweli,” mwalimu alimwambia. “Safari nyingine dai haki yako mchana kweupe.” Kisha akawageukia wenzake. “Na hiyo sheria yenu ina kasoro. Kila anayeishi hapa ana haki ya kuchagua, hata akiwa mgonjwa kitandani. Na kazi nayo ni haki. Msimnyime mtu kwa kisingizio cha kumhurumia. Kujenga nyumba ndogo ni rahisi, mafundi tu wanatosha. Lakini nyumba huwa kwenu siku mnapoulizana na kutegemeana.”

Mama Wabwile aliitikia kwa kichwa. “Mwalimu, hapo umenigusa hata mimi,” alisema. Kisha akamtazama Wakonyo. “Haya, mwanangu. Kesho tule nini?”

Wakonyo aliacha swali hilo likae kidogo, alifurahie.

“Mukimo,” alisema. “Na mimi ndiye nitakayeuponda.”

“Sawa,” alidakia Kabura, “na sufuria tutaosha mimi na wewe.”

Jumapili hiyo Nyumba ya Pili walikula mpaka wakalegeza mishipi, na Wakonyo akasugua sufuria huku akiimba kwa sauti iliyofika hadi Nyumba ya Nne.