Kitoto cha Mbega

Kila asubuhi Domisiana, mwanafunzi wa darasa la sita huko Bisibo, huteka maji, hufagia uwanja na kuwakatia mbuzi majani kabla ya kwenda shule. Ijumaa moja alifanya kazi zote harakaharaka, hata mundu ukamkata kidole. Hakujali. Darasa lao lilikuwa linakwenda hifadhi ya taifa kuona wanyama wa msituni.

Langoni walipokelewa na askari wa hifadhi, Afande Celestini.

"Shikamoo, afande," walimwamkia.

"Marahaba. Humo ndani msiguse mnyama yeyote, awe hai au amekufa. Baadhi ya magonjwa yao hutuingia na sisi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, afande."

Miti ya msitu ule ilikuwa imesongamana, na chini yake kulikuwa na giza ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Mara mbili Afande Celestini alisimama akatega sikio.

"Mbega hupiga kelele sana hapa," alimwambia Mwalimu Speciosa kwa sauti ya chini. "Leo hawasikiki, sijui wamepatwa na nini."

Walipopumzika kando ya kijito, Domisiana alikwenda nyuma ya mti mkubwa kujisaidia. Kwenye mizizi palikuwa na kitoto cha mbega, cheupe kama pamba. Alidhani kimelala, akakiinua kwa mikono miwili. Kichwa kikaning'inia. Damu iliyotoka puani mwa kitoto hicho ikamchafua kidole, kilekile chenye jeraha. Alikiweka chini, akajifuta kwenye sketi, akarudi kwa wenzake bila kusema neno.

Mbele kidogo Afande aliinua mkono, msafara ukasimama. Mbega wawili wakubwa walikuwa wamekufa njiani, nzi wamewajaa. Hawakuwa na alama ya mshale wala mtego.

"Tunarudi," alisema. "Kuna aliyegusa kitu chochote?"

Wote walinyamaza. Domisiana alitazama viatu vyake. Aliogopa adhabu, na aliogopa zaidi baba yake kuambiwa.

Ndani ya gari, rafiki yake Akimana alimsogelea. "Domi, mbona unatetemeka? Nipe andazi lako nikumegee, labda ni njaa."

Akimana aliponyoosha mkono, Domisiana aliona damu iliyokauka chini ya ukucha wake mwenyewe. Akarudi nyuma ghafla.

"Usiniguse," alisema. Machozi yakamtoka. "Mwalimu, mimi niligusa. Kulikuwa na kitoto cha mbega kule kijitoni."

Mwalimu Speciosa hakumgombeza. Afande alivaa glavu, akamnawisha kwa sabuni na maji mengi, kisha akamwita daktari wa wanyama kwa redio. Siku hiyohiyo Domisiana alifikishwa zahanati. Muuguzi, Mama Anjelika, aliagiza apimwe joto kila asubuhi kwa siku ishirini na moja, na asile sahani moja na mtu.

Siku nane zilipita salama. Ya tisa aliamka na homa kali.

Baba yake, Mzee Faustini, alimpigia simu muuguzi kama alivyoelekezwa. Wahudumu wa afya waliokuja kumchukua walikuwa wamejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Majirani walisimama mbali. Kwa siku mbili Domisiana alilala peke yake katika chumba cha zahanati, akimwona mama yake dirishani akisali rozari. Wakati wa kulala alijiuliza kama ataamka.

Siku ya tatu Mama Anjelika aliingia bila barakoa, akaketi kitandani.

"Vipimo vya damu vimeonyesha ni malaria, na dawa imeshaanza kufanya kazi. Ugonjwa uliowaua wale mbega haukuonekana, ila tutaendelea kukupima joto hadi siku ishirini na moja ziishe."

Domisiana alilia kwa muda. Muuguzi alimsubiri.

"Kugusa kulikuwa kosa," alimwambia, "lakini kunyamaza kungekuwa kosa kubwa zaidi. Kama ungekuwa umebeba ugonjwa ule ukauficha, ungeuingiza kwenu, kisha kwa Akimana, kisha kwangu mimi ninayekutibu. Ugonjwa hauna miguu, mwanangu. Sisi tunaoficha ndio tunaoutembeza. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Nitasema, mama," Domisiana alijibu. "Na Jumatatu nitawaeleza darasani mimi mwenyewe."