Migongo Mia Mbili ya Otau

Zama za wafalme wa Ming, maharamia walipoisumbua pwani ya Wahokkien, kusini mwa Uchina, mwaka hadi mwaka, palikuwa na kijiji kiitwacho Otau, chenye boma la mawe na magamba ya chaza. Hekalu lake lilitunzwa na mjane mmoja, Bibi Siok Lian, mwenye meno saba na ulimi usiohitaji hata moja. Kila asubuhi alichomeka maua mabichi kwenye shungi lake la mvi, kama wanawake wote wa kwao, vita viwepo visiwepo.

Siku ya kumi na moja ya kuzingirwa, kisima kilibaki tope. Ndipo mkuu wa maharamia, Kim Sai, akaja chini ya lango amevaa deraya nyeusi na chapeo yenye pembe, ya mtindo wa ng'ambo, ili adhaniwe mgeni asiyejua huruma.

"Kesho jua likifika utosini, fungueni!" akanguruma. "Vikongwe nitawaacha. Vijana wataingia merikebuni wakauzwe."

Siok Lian alikuwa na mjukuu mmoja tu duniani, Binti Hoa, wa miaka kumi na sita. Akachungulia kutoka ukutani. Pembe hazikumshughulisha, aliangalia shingo. Palining'inia kijifuko chekundu, kama vile ambavyo mabaharia wa Kihokkien hutilia jivu la udi la Matso, mungu mama awalindaye baharini.

"Yule ni wa kwetu," akasema akishuka ngazi. "Ana mama, na mama yake ndiye aliyemfunga kile kifuko."

"Na hiyo itatunywesha maji, shemeji?" akauliza Mzee Bun Te, mkuu wa ukoo.

"Itatunywesha. Kesho tunamtoa Matso matembezini."

Mzee Bun Te akashika ndevu zake kana kwamba zinataka kukimbia. Mila aliijua, nani asiyeijua? Machela yenye sanamu ya Matso ikipita, hakuna Mhokkien anayeizibia njia. Huweka kando kila chenye makali, hupiga magoti katika mstari mmoja, huinamisha uso mavumbini, na machela hupita juu ya mgongo wake. Baraka ya mwaka mzima hiyo. Lakini anayeinua kichwa kabla mkia wa msafara haujapita, baraka humwagika yote.

"Na wasipoinama? Lango litakuwa wazi!"

"Basi tumuulize mwenyewe."

Wakaenda hekaluni. Siok Lian akarusha vipande viwili vya mti vya kumuulizia mungu, vyenye umbo la mwezi mchanga. Vyote vikaanguka upande wa bapa juu. Watu wakaguna, maana hilo si ndiyo wala hapana: ni mungu anacheka.

"Anatucheka!" akalia Mzee Bun Te.

"Anawacheka maharamia. Ameshaona mwisho wao." Siok Lian akarusha tena, kimoja bapa, kimoja mviringo. Ndiyo.

Asubuhi lango likafunguliwa. Zumari zikalia, matuazi yakagongana, na machela nyekundu ikatoka mabegani mwa wanaume wanane, Matso ameketi ndani na ushungi wake wa shanga. Nyuma yake walifuata wanawake mia tatu, maua vichwani, vikapu vya chaza mikononi. Mbele kabisa alitembea Siok Lian na kijiti cha udi, midomo imemkauka.

Maharamia wakainua mikuki. Kisha mmoja akaishusha yake. Wa pili naye chini. Kama mtama upepo unapopita, wakalala mstari mrefu kutoka langoni hadi mtoni. Kim Sai peke yake akabaki wima, upanga mkononi.

"Mnaniletea mchezo gani, kikongwe?"

"Mimi? Ninampitisha mama yako wa baharini. Ukitaka, mpige huo upanga. Utakaporudi nyumbani utamweleza aliyekufunga hicho kifuko."

Mkono wa Kim Sai ukaenda shingoni. Akatazama machela, akatazama watu wake mavumbini. Taratibu akavua chapeo, akaweka upanga kando, akainama.

Machela ikapita juu ya mgongo wake. Nyuma yake wanawake wakaokota. Waliokota panga, mikuki na majambia kwa mikono iliyozoea kubandua chaza miambani, haraka na bila kelele, wakijaza vikapu.

Kim Sai akasikia chuma kikigongana. Akataka kuinuka.

"Usiinue, mwanangu," akasema Siok Lian kwa upole. "Itamwagika."

Hakuinua. Mkia ulipopita ndipo alipotazama, akaona watu wake mikono mitupu, na juu yao wanawake mia tatu wamewaelekezea mikuki yao wenyewe.

"Bibi," akauliza, "nimebarikiwa au nimeshindwa?"

"Vyote viwili. Sasa chukueni mitungi."

Wakachota maji mtoni hadi jioni, maharamia mia mbili, na Binti Hoa akawaonyesha pa kumwaga. Kisha wakaenda zao baharini bila hata kisu cha kumenyea tangawizi.

Kitabu cha serikali kimeandika kwamba Otau iliokolewa na kamanda shujaa. Kamanda huyo alifika siku mbili baadaye, akala chaza, akalala. Otau hawajabishana naye. Ila huko, hata leo, Matso akitoka, wanaume huinama, na wanawake hufuata nyuma na vikapu vitupu. Mgeni akiuliza vikapu ni vya nini, wao hutengeneza maua vichwani na kumwambia ainame kwanza.