Kitundu cha Mfuniko

Mashine ya kukata majani, ile ya kukaliwa kama trekta dogo, ilikuwa inamtia fundi aibu. Ikisimama karakana inanguruma vizuri tu. Ipeleke uwanjani, shusha visu, haupiti muda inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazimika. Fundi wa shule, ambaye wote walimwita Bisibisi, alishabadilisha plagi, akaosha kabureta, akaweka chujio jipya, akakagua mkanda wa visu. Wapi. Dereva aliyeiendesha miaka yote aliacha kazi ghafla, na siku ya kuondoka alimwambia neno moja tu: "Hiyo iache hivyo hivyo, mdogo wangu." Bisibisi alicheka moyoni. Mtu anakuachia mashine mbovu, halafu anakupangia.

Jina lake lilitokana na zoea la kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye mashine, mpini sikioni. Asubuhi moja, injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa, aligusisha ncha kwenye tangi la mafuta. Akasikia mtu anavuta pumzi. Anavuta tu, hatoi.

"Ni hewa hiyo," alijiambia, ingawa vidole vilishaanza kufa ganzi. Na kweli, mfuniko wa tangi una kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, mafuta hayashuki, injini inazimika. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa nta, tena kwa makusudi, mtu kaisawazisha kwa kidole. Akaichokonoa kwa waya, kisha akafanya wafanyavyo mafundi wote: akaweka mdomo, akapuliza, akavuta kuhakikisha njia imefunguka. Kikamwingia kifuani kitu cha baridi, chenye harufu ya petroli na majani yaliyooza. Akakohoa, akatema mate, akasahau. Siku hiyo mashine ilikata uwanja mzima bila kuyumba, na mwalimu mkuu akaja mwenyewe kumpa mkono.

Jioni alirudi nyumbani kifua mbele. Binti yake mdogo, waliyemwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, alikuwa mezani anasubiri maziwa yapoe. Baba akakichukua kikombe, akampulizia.

Asubuhi Chiriku hakusema neno.

"Baba Chiriku, njoo umsikilize mtoto," mkewe alinong'ona. "Anavuta pumzi tu, sijamwona akitoa. Na mdomo wake unanuka petroli."

Zahanati waliambiwa kifua cha mtoto ni kizima, warudi nyumbani. Bisibisi hakurudi nyumbani. Alikwenda mbio kwa yule dereva, akamkuta anafagia mlangoni kwake. Aliposikia habari ya nta, ufagio ulimwanguka.

"Niliziba mimi," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya mwisho naongeza mafuta, pale kona ya uwanja, kivuli kiliingia tangini mbele ya macho yangu. Jini lile halina pumzi yake, linaishi kwa za wengine. Ukilinyima hewa linalala. Nani alikutuma ukizibue kitundu?"

"Mzee wangu, nifanyeje?"

"Mtoto mwenyewe apulize kwenye kitundu, wewe uzibe hapo hapo. Kisha washa, ukate majani. Injini ikikosa nguvu, ujue limerudi."

"Na isipokosa?"

Mzee akainama kuokota ufagio. "Omba ikose," alisema.

Wakampeleka mtoto karakana mchana kweupe, mama kambeba, baba kashika nta. Chiriku akaweka midomo kwenye kitundu, akapuliza pumzi ndefu mno kwa kifua kidogo kama kile, na Bisibisi akaziba. Mtoto akapepesa macho. "Mama, maziwa yangu yako wapi?" Mkewe akaketi chini pale pale, akalia.

Bisibisi akawasha, akaipeleka kwenye majani yaliyobaki kando ya madarasa, akashusha visu. Mama na mtoto wakakaa kwenye ngazi za darasa wakimtazama. Maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuiombea injini ife, lakini siku hiyo aliomba, tena kwa sauti, kohoa basi, legea, zimika, na kwa kitundu kilivyozibwa ilipaswa kuzimika hata kama duniani hakuna jini, ila injini ilizidi kunguruma, ikakata kwa nguvu ambayo haijapata kuwa nayo tangu itoke dukani, kana kwamba inavuta hewa kutoka mahali pengine, na alipogeuka kutazama kule kwenye ngazi akamwona Chiriku kaachama mdomo, kifua kinapanda na kushuka sawasawa na mngurumo.

Akazima haraka.

Kifua cha mtoto nacho kikatulia. Hakikupanda tena.

"Washa," mkewe alisema. "Washa, mume wangu, nakuomba."

Akawasha. Chiriku akavuta pumzi.

Bisibisi akaendelea kuzunguka, majani yamekwisha, visu vinakata vumbi, hathubutu kusimama wala kumtazama mwanawe. Ndipo akalitazama tangi. Kwa haraka ya kuziba, alisahau kuongeza mafuta. Yalibaki kidogo tu chini, na pa kuyaongezea ni pale pale kwenye mfuniko.